Kabla ya kumvalisha mtoto bangili, vuta kipambo chake

Mzazi anayemchagulia binti yake bangili kwa machinga wa Pasiansi, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza, mara nyingi huangalia rangi na bei. Akitaka kuongeza kipambo cha kuning'iniza, cha moyo, samaki au herufi ya jina, hujiuliza tu kama kitapendeza. Swali muhimu zaidi ni hili: kitakaa?

Kipambo kilichotoshea bangili moja si lazima kitoshee nyingine. Kisipotoshea hudondoka, na kwa mtoto mdogo kinachodondoka huishia mdomoni.

Kwa shanga zilizotungwa kwenye mpira, angalia fundo. Tundu la kipambo likiwa kubwa kuliko fundo, uzi utachomoka. Mpira nao huchakaa, na siku ukikatika shanga zote humwagika kwa pamoja.

Kwa cheni, kagua kipete kinachoshika kipambo. Ukucha ukipenya kwenye mwanya wake, kipambo nacho kitatoka.

Bangili ngumu yenye mdomo wazi inahitaji vinundu kwenye ncha zake, vikubwa kuliko tundu la kipambo. La sivyo, mtoto akiivua tu kipambo kinateleza.

Kwa uzi au hirizi ya mtoto mchanga, hakikisha kidole chako kimoja kinapita chini yake. Mkono wake hukua haraka, na uzi unaobana huzuia damu.

Ukishakagua, vuta kipambo kwa nguvu mara kadhaa. Kisha kipitishe kwenye bomba la karatasi ya chooni lililokwisha. Kikipita, kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, hivyo usimvalishe hata kama kimeshika vizuri. Mtoto mkubwa naye aivue bangili anapolala, na asiiache mahali mdogo wake anapofikia.

Kukabwa si hatari pekee. Februari 2006, huko Minneapolis, Marekani, mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kumeza kipambo cha moyo cha bangili iliyotolewa bure pamoja na viatu vya Reebok. Kipimo kilionyesha kipambo hicho kilikuwa na asilimia 99.1 ya madini ya risasi. Kampuni iliziondoa sokoni bangili takriban 300,000. Kwa macho, risasi haitofautiki na chuma kingine cha kung'aa, hivyo kipambo kidogo lakini kizito kisicho na maelezo ya asili yake ni bora kukiacha.

Epuka pia vipambo vya sumaku na vya taa. Sumaku mbili zikimezwa hunasana na kutoboa utumbo, na betri ndogo ya taa huunguza koo la chakula ndani ya saa mbili.

Mtoto akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, mwinamishe, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Usichokonoe koo kwa kidole. Kitu kisipotoka, mwite mtu wa kukusaidia na umkimbize hospitali iliyo karibu, ukiendelea kumpiga mgongoni njiani.

Aliyemeza kipambo naye apelekwe siku hiyo hiyo hata kama anacheza. Bebeni na bangili iliyobaki, daktari aione.