Bahari tunayo, bingwa wa kuogelea hatuna

Swali hili niliulizwa Kachibora, si Mombasa. Nilikuwa nimepanda huko kufuatilia magunia ya mahindi, na kijana mmoja aliyekuwa akipakia lori, alipoiona kofia yangu na kukisikia Kiswahili changu, akanichokoza: "Sheikh, nyinyi watu wa Mombasa mko na bahari yote hiyo. Mbona hatuonangi mtu wenu akishinda kuogelea Olimpiki?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, maana jibu sikuwa nalo.

Kwa asiyepajua, Kachibora ni mji mdogo wa kaunti ya Trans Nzoia, mashariki ya Kitale, chini ya vilima vya Cherangany. Ni nchi ya mahindi, maziwa na mbio. Alfajiri barabara huwa ya wakimbiaji kabla haijawa ya magari. Ng'ambo ya vilima hivyo, Pokot Magharibi, ndiko alikotoka Tegla Loroupe, aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka 1994. Kijana wa huko akisema anataka kuwa bingwa, hakuna anayemcheka. Kila mtaa una mtu aliyemwona bingwa akianza.

Sisi je? Watoto wetu wanajirusha baharini pale Fort Jesus na Mama Ngina mpaka watalii wanasimama kupiga picha. Lamu, tamasha la utamaduni lina mashindano ya kuogelea sambamba na mbio za punda na za majahazi. Lakini tuhesabu waliofika Olimpiki. Paris 2024 Kenya ilipeleka waogeleaji wawili tu: Maria Brunlehner katika mita 50 mtindo huru, na Ridhwan Mohamed katika mita 400 mtindo huru. Rio 2016 tulimwona Hamdan Bayusuf katika mita 100 za mgongo, na jina la Bayusuf hapa Mombasa halihitaji maelezo. Aliyefika mbali kuliko wote ni Jason Dunford. Beijing 2008 aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 za kipepeo, kisha akamaliza wa tano fainali. Naye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hao wote nawavulia kofia. Lakini bingwa wa masafa marefu, yule wa mita 1500, hatujawahi kuwa naye.

Basi nataka tumtazame bingwa wa masafa marefu ambaye kwa hali zote anafanana na watoto wetu. Ni Mwafrika, ni Mwislamu, amezaliwa mwambaoni. Jina lake ni Oussama Mellouli wa Tunisia. Alizaliwa mwaka 1984 na kukulia La Marsa, kitongoji cha Tunis kilicho ufukweni mwa bahari ya Mediterania. Kuna mawimbi, kuna mchanga, kuna vijana wanaoshinda majini, kama Nyali au Shela.

Na bado, bahari hiyo haikumtosha. Alipofika umri wa miaka 15 aliondoka kwao akapelekwa Font-Romeu, Ufaransa. Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikacheka peke yangu. Font-Romeu haiko pwani. Iko juu ya milima ya Pirenei, kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Kitale iko kama mita 1,900. Yaani mtoto wa ufukweni, ili awe bingwa wa majini, alipelekwa kwenye hewa nyepesi ya milimani, hewa ile ile anayoivuta bure yule kijana wa lori kule Kachibora. Wafaransa walijenga kituo hicho ili wanamichezo wao waizoee hewa ya juu kabla ya Olimpiki ya Mexico 1968, na kina bwawa, shule na makocha mahali pamoja.

Hiyo 1968 yenyewe ina kisa chake na sisi. Katika fainali ya mita 5000 kule Mexico, Kipchoge Keino alishika nafasi ya pili na Naftali Temu ya tatu. Aliyewapita wote wawili alikuwa Mtunisia, Mohammed Gammoudi, na alimzidi Keino kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Ikawa ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya nchi yake. Ya pili walingoja miaka 40, na ikaja kwa Mellouli.

Kutoka Ufaransa alikwenda Los Angeles, Chuo Kikuu cha Southern California, akasoma kompyuta na kuogelea. Huko ndiko alikopata doa lake, na si haki kulificha. Mwishoni mwa 2006 alipimwa akakutwa na amfetamini. Alieleza kwamba alimeza kidonge ili akeshe amalize kazi ya chuo. Mahakama ya usuluhishi wa michezo ilimfungia miezi 18, na medali alizoshinda katika mashindano ya dunia ya Melbourne mwaka 2007, ikiwemo dhahabu ya mita 800, zikafutwa. Kidonge kimoja. Ndugu zetu wa Bonde la Ufa, ambako orodha ya wakimbiaji waliofungiwa inazidi kurefuka, nadhani wanaisoma habari hii kwa uchungu kuliko sisi.

Adhabu yake iliisha mwisho wa Mei 2008. Tarehe 17 Agosti alikuwa ndani ya maji Beijing, fainali ya mita 1500 mtindo huru. Leni ya jirani au ya mbali haijalishi. Mtu wa kushindwa alikuwa Grant Hackett wa Australia, aliyekuwa akitafuta dhahabu ya tatu mfululizo katika masafa hayo. Mita 1500 ni kwenda na kurudi mara 15 katika bwawa la mita 50. Mellouli alimaliza kwa dakika 14, sekunde 40 na nukta 84. Hackett alifuata nyuma yake kwa nukta 69 za sekunde. Akawa mwanamume wa kwanza wa Afrika kupata dhahabu ya kuogelea ya mtu binafsi. Mwaka uliofuata, Roma, akawa bingwa wa dunia wa masafa hayo hayo.

London 2012 ndiko alikofanya ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Kwanza alipata shaba ya mita 1500 bwawani. Kisha, tarehe 10 Agosti, Ijumaa ndani ya Ramadhani, akaingia ziwa la Serpentine katika bustani ya Hyde Park na kuogelea kilomita 10. Alitoka na dhahabu baada ya saa 1, dakika 49 na sekunde 55. Hakuna mwingine aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki bwawani na kwenye maji ya wazi pia. Aliendelea mpaka Tokyo, Olimpiki yake ya sita, japo kabla ya hapo alikorofishana na shirikisho la nchi yake mpaka akatangaza kujitoa, kisha akarudi. Mashirikisho ni yale yale kila mahali. Letu nalo limeshatupeleka mpaka kwenye mabaraza ya sheria kwa ajili ya uchaguzi.

Sasa sikilizeni kilichotokea baada yake. Tokyo, Julai 2021, kijana wa Kitunisia wa miaka 18, Ahmed Hafnaoui, aliingia fainali ya mita 400 akiwa wa mwisho kati ya wanane. Akapewa leni ya nane pembeni, akashinda dhahabu. Mwaka 2023 akachukua ubingwa wa dunia wa mita 800 na 1500 kule Fukuoka. Naye baadaye akafungiwa miezi 21 kwa kukosa kupatikana alipotakiwa kupimwa, na watu wakadhani mambo yameisha. Mwaka 2025, Singapore, Mtunisia mwingine, Ahmed Jaouadi, akabeba dhahabu za mita 800 na 1500. Mabingwa watatu kutoka nchi yenye watu wapatao milioni 12. Hiyo si bahati tena. Ndivyo ilivyo Cherangany: mtoto humwona jirani yake akishinda, akajua njia inapita wapi.

Na njia ndiyo tuliyoikosa. Kijana wa Kachibora anaanzia mlangoni kwao. Barabara ni bure, viatu vya mtumba anapata, mashindano ya shule yapo, na akionyesha kitu kuna mtu wa kumpeleka Iten au Eldoret akajaribiwe. Wengi wanapotea njiani, sisemi kule ni peponi. Lakini ngazi ipo na vidato vyake vinajulikana.

Mtoto wa Majengo au Mtopanga naye? Bahari ni bure, kweli. Ila mwogeleaji wa mita 1500 anaogelea kama kilomita 10 au zaidi kwa siku, siku nyingi za wiki, na kila mita 100 anapimwa kwa saa. Baharini hakuna ukuta wa kugeukia. Maji yakijaa anasukumwa, yakitoka anavutwa, na kocha hawezi kujua kama leo ameongeza kasi au ni mkondo tu. Mellouli alishinda Serpentine kwa sababu ya miaka aliyoimaliza bwawani. Mabwawa yetu yako mahotelini, mengi yana umbo la figo, na mlangoni unalipa. Mengine yako kwenye shule za ada kubwa. Bwawa la taifa la mita 50 liko Kasarani, lililojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Kutoka hapa ni karibu kilomita 500. Muda wa kufuzu Olimpiki hupimwa kwenye bwawa la mita 50, kwa hivyo mtoto wa pwani lazima apande treni ili tu ajue ana kasi gani.

Kuna watakaosema kaunti ina shida kubwa kuliko bwawa: maji ya mfereji, dawa, taka. Sibishani nao kuhusu shida hizo. Lakini huu si mchezo wa medali peke yake. Tunaishi kwenye kisiwa tunachokivuka kwa feri. Mwaka 1994 feri ya Mtongwe ilizama wakafa watu 272, na kila mwaka tunazika watoto waliokufa maji ufukweni. Mahali pa kufundishia mabingwa ndipo pa kufundishia watoto wa darasa la pili kujiokoa. Na sisi Waislamu tumekuwa tukiyasikia tangu madrasa maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar, kwamba tuwafundishe watoto wetu kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Farasi tumsamehe. Kuogelea tumewaachia wavulana wajifunze wenyewe kwa kusukumana, na wasichana tumewakalisha ukutani. Mama wengi ninaowajua wangewapeleka binti zao kesho kukiwa na saa za wanawake peke yao, mwalimu mwanamke na ukuta unaositiri. Hakuna cha haramu hapo, kuna uzembe wetu tu.

Tena wakati hauko mbali. Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026 ndiyo ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika, na Los Angeles 2028 inafuata. Mtoto anayeanza leo hatazifikia hizo. Mellouli alikwenda Sydney 2000 akiwa na miaka 16 na hakufika fainali. Dhahabu ilikuja miaka minane baadaye. Anayeanza leo tumtazamie 2036, na hapo ndipo wanasiasa wetu wanaposinzia, kwa sababu 2036 hakuna anayejua kiti kitakuwa cha nani.

Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti huitishwa kila mwaka, na mara nyingi ukumbi huwa nusu tupu. Changu nimekiandika karatasi moja: bwawa la umma la mita 50, leni nane, makocha wawili wa kuajiriwa, saa za wanawake mara tatu kwa wiki, na mtoto wa shule ya serikali asilipe mlangoni. Wakiniuliza mfano wa mahali lilipofanikiwa, nitawatajia Tunisia. Wakisema Tunisia mbali, nitawaambia wapande basi la Kitale, washuke Kachibora saa kumi na moja alfajiri, wasimame kando ya barabara.