Kazi za Mikono kwa Watoto Safarini

Wasomaji wangu, safari ya kutoka Garsen kwenda Lamu si taabu kwa mtu mzima ajuaye kukaa kimya na kungoja. Taabu ni watoto. Gari likizuiwa na maji, kama ilivyotukia Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara hiyo, mtoto asiye na la kufanya hatakaa chini ya mti. Atakwenda kutazama maji. Na Tana si mto wa kuchezea. Una mamba, na mto ukifurika mamba huweza kufika mahali ambapo jana palikuwa njia ya watu.

Kwa hiyo mama anapofunga mizigo na afunge pamoja nayo kazi ya mikono. Iliyo bora kwa maoni yangu ni kusuka ukindu. Majani machanga ya mkindu yakaushwe, yachanwe nyumbani kuwa chane nyembamba, ili kisu kisiingie safarini kabisa. Chane zifungwe katika kitambaa chenye unyevu, kwa maana zikikauka sana huvunjika penye mkunjo. Majani ya mkoma yafaa pia, ila ni magumu kwa vidole vidogo. Mtoto aanze na chane tatu, kama asukavyo nywele, kisha nne, kisha tano. Asiambiwe asuke mkeka. Atachoka kabla ya kufika Minjila, na Minjila si mbali! Aambiwe asuke bangili ya dada yake, au kamba ya kumfungia ng'ombe wa udongo.

Wako wasemao kwamba kusuka ni kazi ya wasichana. Wavuvi wa pwani husuka madema kwa mikono yao, nao ni wanaume. Sioni sababu ya mvulana kuona haya.

Ng'ombe hao wa udongo wafinyangwe penye kituo, si ndani ya basi, la sivyo utingo atalalamika, naye atakuwa na haki. Udongo uchukuliwe na mtu mzima kabla ya safari, ukandwe, utiwe katika kopo lenye kifuniko. Mtoto asitumwe mtoni kuutafuta. Watoto wa wafugaji hawahitaji mafundisho yangu hapa: pembe na nundu wanazijua kuliko mimi. Mwenye migomba na achukue gome lake, akate mtumbwi mdogo. Nao uelee katika beseni.

Siku hizi wazazi wengi humpa mtoto simu. Humtuliza, nakubali, lakini betri huisha, na maji hayapungui kwa sababu simu imezimika.

Jambo moja zaidi. Kazi zote zisitolewe pamoja. Bangili itolewe garini, na kopo la udongo libaki limefichwa mpaka dereva azime injini na abiria waanze kushuka.