Baiskeli yenye springi mbele na nyuma: Mzazi, ikague kabla hujalipa

Fedha za alizeti zilikuwa zimeingia wiki hiyo, na kijana wa miaka 15 alilijua hilo. Jumamosi asubuhi alimleta muuza baiskeli za mtumba hadi nyumbani kwao Kolo, wilayani Kondoa, pembeni mwa barabara kuu iendayo Babati. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyekundu, tairi nene, breki za diski, shokapu mbele na springi nyingine nono katikati ya fremu, chini ya siti. Bei, Sh450,000.

"Shikamoo baba. Ndiyo hii niliyokuwa nakuambia."

"Marahaba." Baba aliikandamiza siti kwa kiganja, ikabonyea kidogo. Akamgeukia mkewe. "Unaona? Hii haiwezi kumrusha tena."

Mama hakujibu. Mwaka jana ndiye aliyempeleka kijana huyo Kondoa mjini, zaidi ya kilometa 20, akiwa ameshikilia bega, mtulinga umevunjika. Alikuwa anashuka kilimani na wenzake, amepanda Phoenix ya babu yake.

Anayezijua njia za milima ya Irangi hahitaji kusimuliwa kwa nini kijana aliitamani baiskeli ile. Ukiiacha lami, mbele yako ni mawe, makorongo, mchanga wa mito iliyokauka na vijia vilivyochongwa na mvua, vyembamba kama mkanda. Vijana wakitoka shule huvishuka kwa mbio, wakishindana nani hatashika breki. Huko Ulaya na Marekani mchezo huo una mashindano na baiskeli zake maalumu, zenye shokapu mbele na nyuma. Kolo una vijana tu, na baiskeli iliyopo.

Wazo la baba ni la wazazi wengi: springi ni kinga. Kwamba mtoto akiwa na shokapu mbili, mawe hayatamtupa.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Kazi ya shokapu ni kulifanya tairi lisiache ardhi linapopita kwenye mawe, ili liendelee kushika na breki ziendelee kufanya kazi. Hilo ni jambo kubwa, na kwenye baiskeli nzuri linamsaidia sana mpandaji. Lakini shokapu haipunguzi uzito wa anguko. Tena inafanya njia mbovu ihisiwe nyepesi, na mtoto anayehisi njia ni nyepesi huongeza mwendo. Kwa hiyo swali la mzazi liwe kama springi zilizopo zinafanya kazi ya springi, na kama vitu vingine vyote vinaweza kuhimili mwendo ambao springi hizo zitamtia mtoto.

Mama ndiye aliyesema, "Tumpelekee fundi kwanza aione."

Fundi alikuwa kwenye kibanda chake kando ya barabara, karai la maji ya kutafutia pancha mbele yake. Hakuanza na springi. Alianza na breki.

Alimwambia kijana afumbe macho na ashike breki ya mbele. Kijana akabana mkono wa kulia. Lililosimama ni gurudumu la nyuma.

Si ubovu. Baiskeli nyingi zilizouzwa kwanza Marekani au Ulaya bara huwa na breki ya mbele upande wa kushoto. Za Uingereza na Japani huwa nayo upande wa kulia. Mtumba unatoka pande zote hizo. Mtoto aliyezoea upande mmoja akipewa baiskeli ya upande mwingine, siku ya kushtuka kwenye mteremko atabana kwa nguvu zote ile asiyoikusudia, na ikiwa ni ya mbele, yeye ndiye atakayetangulia kufika chini. Fundi anaweza kubadilisha nyaya kwa dakika chache. Mwambie afanye hivyo kabla ya safari ya kwanza.

Kisha akaonyesha ncha za usukani. Upande mmoja raba ilikuwa imechanika, bomba la chuma likiwa wazi kama mdomo wa kikombe. Wazazi wengi hupita hapo bila kuangalia, ilhali madaktari wa watoto wanapajua vizuri. Mtoto akianguka, ncha ya usukani humchoma tumboni. Nje huonekana alama ndogo ya mviringo, pengine mchubuko tu, naye husema haumwi sana. Ndani, ini, bandama, kongosho au utumbo vinaweza kuwa vimeumia, na dalili zikachelewa kwa saa nyingi, hata siku. Mtoto aliyegongwa tumbo na usukani, kisha tumbo likazidi kuuma, akatapika, akapauka, akalalamika bega bila kuumia bega, au akakojoa damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mweleze mganga kwamba ni usukani wa baiskeli uliomgonga. Maneno hayo yatamsaidia kujua aangalie wapi. Raba mpya na kizibo chake ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa humu.

Ndipo fundi akafika kwenye springi.

Kijana ana kilo 44. Aliambiwa aketi kwenye siti, miguu juu ya pedeli, huku baba ameshikilia usukani. Springi ya nyuma haikusogea. Kwenye baiskeli halisi ya aina hii, shokapu ya nyuma inatakiwa ibonyee kwa uzito wa mpandaji peke yake, takribani asilimia 25 hadi 30 ya urefu wake wa kubonyea, kabla hata hajaanza safari. Hapo ndipo inapokuwa na nafasi ya kushuka kwenye shimo na kupanda kwenye jiwe. Isiposogea mtoto anapoketi, basi imetengenezwa kwa ajili ya mtu mzito zaidi, au imeganda kwa kutu. Kwa kijana huyu ile springi ilikuwa mzigo wa kubebwa mlimani.

Fundi, mtu wa mwili, akaketi yeye. Ikabonyea. Alipoinuka ghafla, siti ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka tena. "Godoro," alisema. Ndani ya shokapu nzuri mna mafuta yanayopita kwenye matundu madogo, na hayo ndiyo yanayoituliza springi ipande mara moja polepole na kusimama. Springi tupu isiyo na kituo hurudisha nguvu yote kwa mpandaji. Ukigonga jiwe kwa nyuma ukiwa mteremkoni, siti inakupiga kofi na kukusukuma juu ya usukani. Yaani kile ambacho baba alidhani amekinunulia kinga.

Jaribio la tatu mzazi anaweza kulifanya mwenyewe nyumbani. Shika fremu kwa mkono mmoja, tairi la nyuma kwa mwingine, tikisa kulia na kushoto. Baiskeli ya shokapu ya nyuma ina maungio yenye beringi au bushi ambayo baiskeli ya kawaida haina. Yakilika, sehemu ya nyuma hucheza, na baiskeli hukata kona inavyotaka yenyewe. Kisha inua siti kidogo na uiachie. Ukisikia "ko", kuna kitu kimelegea. Mbele nako bana breki, usukume usukani mbele na nyuma. Mwishowe pitisha kidole kwenye maungio yote ya fremu, hasa usukani unapoingilia na springi iliposhikizwa. Mstari mwembamba kwenye rangi huenda ni ufa. Fremu ya alumini ikipasuka usidanganywe kwamba fundi wa kuchomelea mageti ataimaliza kazi. Joto la kuchomelea huipunguzia alumini nguvu, na kiraka hicho hakifai kushushwa mlimani.

Ya Kolo ilicheza nyuma. Ufa haukuonekana.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakulisema, pengine hakulijua. Baiskeli nyingi za kampuni zinazojulikana hubandikwa kwenye fremu alama ndogo yenye namba kuanzia 1 hadi 5, kufuatana na kipimo cha Marekani kiitwacho ASTM F2043. Namba 1 ni ya lami. Namba 2 huruhusu changarawe na kuruka kusikozidi sentimita 15. Namba 3 ni ya njia za porini, mruko usizidi sentimita 61. Namba 4 ni ya njia za mawe na miteremko mikali, hadi sentimita 122, na namba 5 ni ya wanaoruka kwa michezo ya hatari. Umbo la baiskeli haliwezi kukuambia namba yake. Zipo zilizotengenezwa kwa sura ya namba 4 na uimara wa namba 1, kwa kuwa sura ndiyo inayouza.

Bei nayo inasema kitu. Baiskeli mpya ya shokapu mbili iliyotengenezwa kweli kwa ajili ya milima, ya kampuni kama Giant, Trek au Specialized, mara nyingi huanzia karibu dola 1,500 za Marekani na kupanda juu sana. Ya mtumba iliyo nzima inaweza kushuka bei, lakini ukiiona kwa laki nne na nusu inang'aa, jiulize imeachwa na nani na kwa nini.

Kwa mzazi wa Dodoma mjini au Dar es Salaam mwenye uwezo wa kuipata iliyo halisi, gharama haiishii dukani. Shokapu za hewa zina pampu yake maalumu, kwani presha yake ni mara kadhaa ya ile ya tairi, na pampu ya kawaida haifai. RockShox, mojawapo ya watengenezaji wakubwa, hutaka sehemu ya chini ya shokapu ya mbele ifunguliwe na kubadilishwa mafuta kila baada ya saa 50 za kuendeshwa. Kijana anayeendesha saa moja kila siku ataimaliza hesabu hiyo ndani ya miezi miwili. Vumbi la Kondoa halisubiri hata hizo.

Wakati wanaume hao wanahesabu, mama aliuliza swali lake la kwanza.

"Keria inafungwa wapi?"

Haifungwi. Sehemu ya nyuma inayopanda na kushuka haibebi dumu la maji wala debe la mahindi ya kusaga. Katika nyumba yenye baiskeli moja hilo si jambo dogo. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilipobuni baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya wanafunzi na watu wa vijijini Afrika, halikuweka springi hata moja. Liliweka fremu ya chuma na keria ya kubeba kilo 100. Baiskeli hiyo ina uzito wa karibu kilo 23 na haipendezi machoni pa kijana wa miaka 15. Hilo nalo lisemwe, maana mzazi anayempa mtoto kitu anachokionea aibu atakikuta kimeegeshwa.

Fundi alitoa ushauri wa kati: fremu ngumu nyuma, shokapu moja nyepesi mbele, breki mbili zinazoshika, saizi inayomwezesha kijana kusimama juu ya fremu miguu yote ikiwa chini. Na tairi pana. Shokapu ya kwanza ya baiskeli yoyote ni tairi, lakini huku wengi hulijaza upepo mpaka ligonge kama jiwe. Kwa mtoto wa kilo 44 kwenye tairi nene, likibonyea kidogo kwa kidole gumba linatosha. Mbigili zitatoboa tu, kwa hiyo viraka na gundi vikae kwenye begi la shule.

Lililobaki ni mwili. Kwenye mteremko siti ishushwe, makalio yainuke na kwenda nyuma, magoti na viwiko vikunjwe. Fundi alimshushia kijana siti palepale, akamfanya apite juu ya tofali mara nne. Na njia iwe njia. Ardhi ya Kondoa iliwahi kumomonyoka kiasi cha Serikali kuanzisha mradi wa HADO mwaka 1973 na kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika mwaka 1979. Kila kijia kipya cha tairi kinachoshuka moja kwa moja kilimani ni mwanzo wa korongo jingine. Kwenye miamba ya michoro, iliyo urithi wa dunia tangu 2006, watu huenda kwa miguu wakiwa na mwongozaji.

Helmeti haikuwa kwenye mazungumzo mpaka mama alipoitaja. Mwaka 2016 watafiti wa Australia waliunganisha tafiti kadhaa zilizohusu zaidi ya waendesha baiskeli 64,000 walioumia. Waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata jeraha baya la kichwa kwa karibu asilimia 69. Ikae sawasawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ukiwa umebana. Iliyopasuka au iliyokwisha kupata ajali isinunuliwe. Na mtoto akigonga kichwa, akatapika, akachanganyikiwa, akasinzia isivyo kawaida au kichwa kikazidi kumuuma, hata kama alivaa, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Ile nyekundu ilirudi na mwenyewe. Wiki tatu baadaye muuzaji yuleyule alileta nyingine, ya kijivu, shokapu mbele tu, wakapatana Sh280,000. Mama alichukua sehemu ya chenji iliyobaki, akanunua helmeti na raba mbili za usukani. Fundi alifunga keria.

Kijana hakuficha kwamba aliipenda zaidi ile ya kwanza. Lakini pale kwenye mteremko alipovunjika mtulinga, kwa sasa anashuka na kuikokota.