Kiingereza cha Barua ya Rufaa Kifundishwe Upya

Watumishi wengi wa afya nchini Tanzania walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakakutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia sekondari na chuoni. Leo huandika kwa lugha hiyo faili la mgonjwa na barua ya rufaa. Walifundishwa sarufi na tahajia. Ni nadra kuonyeshwa mahali ambapo lugha hizi mbili huachana njia. Hapo ndipo mgonjwa huweza kudhurika.

Tuchukue saa. Dawa ya kila baada ya saa 6 imetolewa saa mbili usiku. Mwandishi akihamisha namba kama ilivyo, msomaji wa Kiingereza ataelewa saa nane usiku. Dozi iliyopaswa kutolewa saa nane itahesabiwa kuwa imekwisha kutolewa, na mgonjwa ataikosa.

Tutazame na viungo. "Mkono" wetu huanzia begani hadi vidoleni, ilhali Kiingereza hutenga "arm" na "hand". Vilevile, "alitapika" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hulazimisha kuchagua. Barua inayoanza na "she" ikamalizia na "he" humfanya mpokeaji ashuku kwamba taarifa za wagonjwa wawili zimechanganywa.

Makosa haya hayatokani na uvivu wala ujinga. Ni ya mtu anayefikiri sawasawa kwa lugha yake. Kwa maoni yangu, ufundishaji uanzie hapo. Mwanafunzi aandike barua ya rufaa, mwenzake aisome na kueleza kwa Kiswahili alichoelewa, kisha mwandishi aiandike upya. Muda uandikwe kwa mfumo wa saa 24. Mkufunzi asahihishe kwanza kinachoweza kumdhuru mgonjwa. Makosa madogo ya sarufi yasubiri zamu yake.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni kuandika kumbukumbu zote kwa Kiswahili. Hoja hiyo ina uzito na inastahili mjadala wake. Lakini mgonjwa anayehamishwa usiku wa leo hawezi kuungoja mjadala huo uishe.

Nawe mgonjwa, au ndugu unayemsindikiza, kabla ya kuondoka omba uelezwe kwa Kiswahili kilichoandikwa: ni kiungo gani, upande upi, dawa ipi na saa ngapi. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Kosa likionekana mapema, kalamu yatosha kulirekebisha.