Kitabu Kianzie Nyumbani, Si Darasani

Imekuwa desturi, kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, kusikia wakubwa maofisini wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Lawama hutupiwa walimu, mitaala na simu za mkononi. Ni nadra mlalamikaji kujiuliza: je, mtoto huyo amepata kumwona baba yake ameshika kitabu?

Mji wa Morogoro ni mfano wa kutosha. Chini ya milima ya Uluguru kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Huko Mzumbe kipo chuo kikuu kingine, na Kigurunyembe kipo chuo cha ualimu. Mji wenye wasomi kiasi hicho ungetazamiwa kuwa na vitabu vya watoto katika kila nyumba. Hata hivyo, zipo nyumba za watumishi ambamo sebule ina makochi, televisheni na kabati la vyombo vya wageni, lakini haina kitabu hata kimoja ambacho mtoto wa miaka mitano anaruhusiwa kukigusa. Msomi amerudi nyumbani, usomi ameuacha ofisini pamoja na majalada.

Wapo wanaodai kwamba hiyo ni kazi ya mwalimu, naye hulipwa mshahara kwa ajili yake. Hoja hii haina msingi. Mwalimu hufundisha kusoma. Kupenda kusoma ni jambo jingine. Mwenye darasa la watoto wengi hawezi kumpakata kila mmoja. Mtoto anayeketi na mzazi wake jioni, akifuata kidole kinachopita chini ya maneno, hutambua kwamba herufi zina sauti ya mtu anayempenda, kwamba anaweza kuikatiza hadithi na kuuliza, na kwamba kukosea hakuleti fimbo. Lakini yule aliyekijua kitabu kwa ajili ya mtihani tu hukihesabu kuwa mzigo, na siku ya mtihani wa mwisho huutua.

Uluguru yenyewe imekwisha kutoa funzo juu ya mambo yanayoletwa kwa shuruti. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima hiyo kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka, na mpango ukaachwa. Lakini huko Mgeta, ambako wakulima wa mboga waliona faida yake, matuta yaliendelea kulimwa. Kusoma nako ni hivyo hivyo. Kukiletwa kwa amri, huachwa amri inapokoma. Mtoto akionja utamu wake mapema, hahitaji msimamizi.

Wengine husema kwamba vitabu ni ghali, na kwamba wazazi wa vijijini hawakusoma vya kutosha. Yafaa wakumbushwe historia. Mwaka 1967 kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, takwimu rasmi zilionyesha asilimia 9.6. Kazi hiyo ilifanywa kwa vitabu vyembamba vilivyoeleza kilimo cha mahindi, pamba na migomba, na miongoni mwa waliofundisha walikuwamo wanafunzi wa shule za msingi. Wakati huo mtoto na mzazi waliweza kuinamia ukurasa mmoja, na umaskini haukuwazuia. Tena leo wamepata unafuu, kwani tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kuchapishwa kwa hadithi za Kiswahili zilizoandikwa kwa ajili yao.

Wala mzazi si baba na mama peke yao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti katika malezi yake. Bibi aliyezoea kutoa hadithi kando ya moto amekwisha fanya nusu ya kazi. Hata kama hajui kusoma, anaweza kumwagiza mjukuu amsomee, naye akasikiliza na kuuliza maswali. Mjukuu atakayeona kwamba bibi anaingoja hadithi yake hatakisahau kitabu hicho upesi.

Hapana budi, basi, watumishi na walimu waanze wao. Mtumishi anayepata nafasi ya kutazama mpira hadi usiku hawezi kudai kwamba hana robo saa ya kumsomea mwanawe. Na mwalimu mkuu anayefungia vitabu kabatini ili visichakae aelewe kwamba amevilinda dhidi ya wasomaji. Aviandike katika daftari, awape watoto waende navyo nyumbani, na awaambie wazazi sababu. Vichache vitapotea na vingine vitarudi vimechanika. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kulea kizazi kinachojua kusoma lakini hakisomi.