Mwongozo Uandikwe Kabla Programu Haijatoka

Ndugu zangu wa Mtae na Lushoto yote, na hasa ninyi vijana wetu mnaoandika programu huko Dar es Salaam na Dodoma: programu huria isiyo na mwongozo bado haijatoka. Mmeiweka tu mahali inapoonekana.

Faida ya programu hizi tumeiona. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Takwimu za zahanati zetu, zinazoanzia kwenye vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), huishia kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha bila malipo. Lakini ruhusa haimfundishi mtu kazi, na muuguzi anayejumlisha rejista mwisho wa mwezi hana muda wa kubahatisha.

Basi nawaomba, kabla ya kutoa toleo, andikeni kwa Kiswahili programu inafanya nini, inataka kompyuta ya namna gani, inasakinishwaje, na umeme ukikatika katikati ya kazi kinapotea nini. Hilo la umeme wengi hulisahau, nasi ndilo tunalouliza kwanza. “Bonyeza hapa” haitoshi, hapa wapi? Kama kitufe kimeandikwa “Hifadhi”, mwongozo nao useme “Hifadhi”, usiseme “tunza”. Juu kabisa pawe na namba ya toleo na tarehe, msomaji ajue kama ndiyo programu aliyonayo. Tena uwe wa kuchapika, maana si kila mtu ana bando.

Kisha ujaribuni. Mkija nyumbani sikukuu, mpeni mtu asiyewahi kuiona programu hiyo, mkae pembeni, mnyamaze. Najua mdomo utawawasha. Atakapokwama, hapo ndipo pa kuandika upya.

Nanyi walimu, makarani na wauguzi, msidhani kuchangia ni kuandika msimbo tu. Miongozo mingi ya programu huria iko wazi kusahihishwa, na anayejua kueleza jambo likaeleweka anahitajika sana huko. Anza na programu iliyopo ofisini kwako: soma mwongozo wake, andika swali ambalo haukulijibu, watumie walioiandaa.