Mkutubi Mliyemfuta Kwenye Bajeti

Kwako Mkurugenzi wa Taasisi,

Yah: Data za mradi wa Kilosa

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za ofisini mlizipokea, mkazigonga muhuri, basi.

Mimi ndiye niliyekuwa mkutubi wa ile timu ya utafiti wa mafuriko. Mradi ulipoingia awamu ya pili mkanifuta kwenye bajeti, eti mkutubi si mtafiti, akapange vitabu. Ajira ikaishia hapo. Madodoso mkayatupa stoo. Sauti za mahojiano zikabaki kwenye kompyuta ya mtafiti mmoja, naye akahama na kompyuta yake.

Sasa mmetuma timu mpya Kilosa, na wananchi wanaulizwa upya. Desemba 2009 kuingia Januari 2010, mto Mkondoa ulipovunja tuta, maji yalifika wapi ukutani? Mlilala wapi? Walishajibu! Mama aliyeacha palizi yake ili atusikilize anaulizwa upya. Aliyelia akitusimulia anaulizwa upya. Na simu wananipigia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaahidi kwamba maneno yao yatatunzwa. Naitwa mwongo kwa ajili ya stoo yenu. Mzee mmoja aliyetueleza mkondo wa zamani wa mto ameshafariki. Huyo hamtamuuliza upya.

Nendeni Mikumi mkajifunze. Nyani wa hifadhi ile walianza kufuatiliwa mmoja mmoja miaka ya 1970, na kazi ya namna hiyo haina maana kama daftari la jana halisomeki leo. Nyani haulizwi upya. Mkulima wa Kilosa anaulizwa, kwa kuwa ana adabu ya kujibu.

Mkutubi aliye ndani ya timu hasubiri kuletewa ripoti aiweke rafuni. Kabla dodoso halijachapwa, anapekua yaliyokwisha kuandikwa, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Ilonga na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), ili swali lenye jibu lisiulizwe. Uwandani anahakikisha kila faili lina tarehe, kijiji na maelezo yanayoeleweka. Majina ya watu anayatenga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikutungwa kwa mapambo. Mwisho anaweka nakala mahali ambapo mtafiti akihama, data hazihami naye.

Naomba, kwa heshima zote: simamisheni madodoso mapya hadi stoo ifunguliwe, zifuateni sauti zilipo, na kila mradi uwe na mkutubi tangu siku andiko lake linapoandaliwa.

Wala si ninyi peke yenu. Nchi ina Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka pale Bagamoyo, ina Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) iliyoundwa kwa sheria ya 1986, lakini miradi inatenga fedha za warsha, fulana na mafuta ya gari. Ikifika zamu ya kumbukumbu, fungu limekwisha. Kisha tunashangaa watafiti wakifukuzwa vijijini.

Kama haya ni mazito, basi ongozana na timu yako, Mkurugenzi, uwaeleze wananchi mwenyewe kwa nini wanaulizwa upya. Mimi sitawaeleza tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkutubi wenu wa zamani, Kilosa